SOMO LA KIKUNDI: Jinsi ya Kutafuta na Kuomba Rekodi ya Kesi ya Jinai Kortini



Vikundi kadhaa vimeuliza jambo moja kwa maneno tofauti. Wengine wanauliza, "Kijana wetu alifungwa, tutajuaje alifungwa kwa nini?" Wengine wanauliza juu ya pesa za dhamana walizochanga ambazo hazijarudi. Wengine wana mtu aliyeshinda kesi miaka mingi iliyopita na bado anaitwa mwizi kila anapoomba kazi. Jibu la haya yote liko mahali pamoja, ndani ya faili ya kesi. Kwa hivyo somo la toleo hili ni juu ya faili hiyo: inakaa wapi, ina nini, nani anaweza kuiomba, na anaiomba namna gani.

Kiongozi wa mkutano achague watu watatu wasome igizo hili kwa sauti. Wakiweza kuliigiza kwa maneno yao wenyewe, ni vizuri zaidi.

IGIZO

Mama: Hodi, bwana karani.

Karani: Karibu mama. Nikusaidie nini?

Mama: Nimekuja kuulizia kesi ya kijana wangu. Alifungwa hapa.

Karani: Namba ya kesi?

Mama: Namba sijui, mwanangu. Najua jina lake tu.

Karani: Ilikuwa korti gani?

Mama: Si ni hii?

Karani: Mama, hapa kuna korti nne. Hakimu alikuwa nani?

Mama: Yule mrefu mwenye miwani.

Karani: Na hukumu ilisomwa lini?

Mama: Tulikuwa tunapalilia.

Karani: Mama, nenda utafute namba kisha urudi. Haya, anayefuata!

(Mama anatoka nje. Mtu mwenye bahasha mkononi anamfuata hadi getini.)

Broka: Pole mama. Hawa watu wa ndani ni wagumu. Lete elfu mbili, hiyo faili nakutolea leo hii.

Simamisheni igizo hapo. Ulizaneni: Je, karani alikosea? Mama alikuwa na haki ya kupata alichotaka? Broka anaishi kwa sababu gani?

Katika vikundi vingi watu humlaumu karani kwanza. Mimi naona karani angeweza kusema kwa upole zaidi, na angeweza kufungua rejista akatafuta kwa jina. Lakini hakusema uongo. Masjala ya korti ni nyumba ya namba. Faili hazipangwi kwa majina ya watu, wala kwa kijiji, wala kwa msimu wa palizi. Zinapangwa kwa namba na mwaka. Mtu mwenye namba anahudumiwa haraka, na mtu asiye na namba anaachiwa broka. Haki ya mama iko pale pale, ila amekosa ufunguo wa kuifungulia.

KORTI SI YA GAVANA

Tuondoe kwanza fujo moja. Tangu serikali za kaunti zianze 2013, watu wengi hufikiri kwamba korti iliyo katika kaunti ni ya kaunti. Wanakwenda kwa ofisi ya gavana au ya MCA kuulizia kesi ya wizi. Wanapoteza nauli. Korti zote ziko chini ya Idara ya Mahakama, ambayo ni ya taifa na inajitegemea. Gavana hana faili hata moja ya jinai. Chifu pia hana, ingawa anaweza kukuandikia barua ya kukutambulisha.

Tena kaunti moja inaweza kuwa na korti kadhaa. Kwa mfano katika kaunti ya Kitui kuna korti huko Kitui mjini, Mwingi, Kyuso na Mutomo. Kesi iliyosikizwa Kyuso faili yake haitafutwi Kitui mjini. Na kama ni korti ya kuhamahama iliyokuja sokoni kwenu mara moja kwa mwezi, faili inarudi na hakimu kwenye kituo chake kikuu.

Kesi nyingi za jinai, kama wizi, kupigana, kuharibu mali, pombe haramu, husikizwa na mahakimu. Mauaji husikizwa na Mahakama Kuu tangu mwanzo. Kwa hivyo kama mtu wenu alishtakiwa kwa kuua, msipoteze siku kwenye masjala ya hakimu. Ulizeni Mahakama Kuu ya eneo lenu.

NDANI YA FAILI KUNA NINI

Ya kwanza ni hati ya mashtaka, ile karatasi ambayo wengi huita chaji. Imeandikwa jina la mshtakiwa, kosa, kifungu cha sheria, mahali na tarehe ya kosa, jina la mlalamishi, na mashahidi. Juu yake kuna namba mbili: namba ya kesi ya polisi na namba ya faili ya korti. Watu huchanganya hizo mbili, na kuna ya tatu pia, ile ya OB, yaani kitabu cha matukio pale stesheni. Namba ya OB inakusaidia kwa polisi. Kortini inayotakiwa ni namba ya korti.

Ya pili ni mwenendo wa kesi, ambao mawakili na makarani huita prosidingi. Haya ni maandishi ya hakimu ya kila siku kesi ilipotajwa au kusikizwa: nani alikuwepo, nani alisema nini, kwa nini kesi iliahirishwa. Katika korti nyingi hakimu ameandika kwa mkono, kwa hivyo mtu akiomba nakala lazima kwanza ichapwe. Hapo ndipo ucheleweshaji mwingi hutokea. Mara nyingi hakuna aliyeficha faili. Inangoja tu mchapaji.

Halafu kuna hukumu na adhabu, amri za dhamana, na vielelezo kama fomu ya P3 au picha.

Mkipata nakala msiogope kwa kuwa imejaa Kiingereza na vifupisho. Sheria inaruhusu korti ya hakimu kutumia Kiingereza au Kiswahili, lakini maandishi mengi huwa ya Kiingereza. PW1 ni shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka, PW2 wa pili, na kuendelea. DW1 ni shahidi wa kwanza wa utetezi, ambaye mara nyingi ni mshtakiwa mwenyewe. Kijana yeyote wa kikundi aliyemaliza sekondari anaweza kuwasomea polepole.

Ukurasa wa kusoma kwa makini kuliko zote ni ule wa siku ya kwanza, aliposomewa mashtaka. Nasema hivi hasa kwa wale waliokiri makosa. Tangu uamuzi wa kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri wa 1973, hakimu anatakiwa asome na kueleza mashtaka kwa lugha ambayo mshtakiwa anaifahamu, aandike jibu lake kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, kisha mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa aulizwe kama anayakubali au ana la kuongeza. Aliyekiri makosa hawezi kukata rufaa juu ya kupatikana na hatia. Anaweza kulalamika tu kwamba adhabu ni kubwa au si halali. Lakini kama ukurasa huo unaonyesha kwamba mzee asiyejua ila Kikamba alisomewa kwa lugha nyingine bila mkalimani, basi kukiri kwenyewe kuna walakini, na wakili atataka kuuona ukurasa huo kabla ya kitu kingine chochote. Mkalimani ni haki ya mshtakiwa bila malipo. Imo katika Katiba ya 2010, ibara ya 50.

"AMEACHILIWA" NI NENO LENYE MAANA NYINGI

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu familia nyingi huumia. Kijana anarudi nyumbani, mbuzi anachinjwa, kila mtu anasema kesi imekwisha. Baada ya miezi sita polisi wanakuja tena kwa kosa lile lile. Watu wanalia kwamba wameonewa. Lakini wangesoma rekodi wangejua mapema.

Angalieni kesi iliisha kwa kifungu gani cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai. Kama imeandikwa kifungu cha 87(a), maana yake ni kwamba upande wa mashtaka uliiondoa kesi kabla ya mshtakiwa kuitwa kujitetea. Ameachwa aende, lakini anaweza kushtakiwa tena kwa mambo yale yale. Kifungu cha 202 ni mlalamishi kukosa kuja, na 204 ni mlalamishi kuondoa kesi yake kwa ruhusa ya korti. Hapo mshtakiwa anaachiliwa huru. Kifungu cha 210 ni kwamba hakimu alisikia mashahidi wa mashtaka akaona hakuna kesi ya kujibu. Na 215 ni hukumu ya mwisho baada ya pande zote kusikizwa, awe amepatikana na hatia au ameachiliwa.

Kwa hivyo mtu wenu akitoka kortini akicheka, mfurahie naye, lakini mwulizeni karani siku hiyo hiyo: "Ameachiliwa kwa kifungu gani?" Aandike kwenye karatasi. Swali hilo ni la bure.

JINSI YA KUPATA NAMBA

Njia rahisi kabisa ni kuiandika siku ya kwanza. Asubuhi orodha ya kesi za siku hiyo hubandikwa ukutani au kwenye ubao wa matangazo, ikiwa na namba na majina. Karani pia huita namba kabla ya kesi kuanza. Mtu mmoja wa familia awe na kalamu. Sijui kwa nini tunakwenda kortini watu kumi na wanane na hakuna hata mmoja mwenye kalamu.

Kama siku hiyo imepita, kuna njia nyingine. Karatasi ya dhamana au risiti ya pesa za dhamana ina namba ya kesi. Risiti ya faini pia inayo. Shahidi aliyeitwa kortini ana karatasi ya kuitwa, nayo ina namba. Askari mpelelezi aliyeshughulikia kesi anaijua au anaweza kuiona kwenye faili yake. Kama mtu yuko gerezani, karatasi iliyompeleka huko kutoka kortini imeandikwa namba, na ofisi ya kumbukumbu za wafungwa gerezani inaweza kukusomea.

Ikishindikana kabisa, masjala ina rejista ya jinai ambapo kila kesi huandikwa ikifika: namba, jina, kosa na tarehe. Karani anaweza kutafuta humo ukimpa jina kamili jinsi lilivyo katika kitambulisho, kosa, stesheni ya polisi, na mwezi na mwaka wa kushtakiwa. Angalia jina! Wengi hukamatwa wakajitaja kwa jina la ubatizo na la baba tu, au kwa jina la utani. Mpe karani majina yote anayoitwa.

Namba za zamani huandikwa "Kesi ya Jinai namba 345 ya 2009" au kwa mtindo huo. Za siku hizi huanza na herufi, kwa mfano MCCR/E045/2023. MCCR ni jinai kwa hakimu. MCSO ni makosa ya ngono. MCTR ni ya barabarani. Ile E inaonyesha kwamba kesi iliandikishwa kwa kompyuta. Ukiisahau hiyo E, unaweza kuambiwa hakuna kesi kama hiyo, na kumbe iko.

Juu ya intaneti nitasema machache. Tangu Machi 2024 mfumo wa kuandikisha kesi kwa kompyuta umefikishwa kwenye korti za nchi nzima, na vijana wenu wanaweza kuangalia orodha za kesi kwa simu. Kwenye tovuti ya Kenya Law mtu anasoma hukumu bila malipo, lakini nyingi ni za Mahakama Kuu na zilizo juu yake. Kesi ya kuku iliyoamuliwa na hakimu wa kwenu msitegemee kuikuta huko. Hiyo ni ya kwenda kwa miguu.

NANI ANARUHUSIWA KUOMBA

Mshtakiwa ndiye wa kwanza. Katiba, ibara ya 50(5), inampa haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi katika muda unaofaa baada ya kesi kumalizika, kwa ada ya kiasi. Hata kesi ikiendelea anaweza kuomba, isipokuwa kwa yale makosa madogo ambayo korti huyaamua kwa njia ya mkato. Nakala ya hukumu ni jambo jingine: kifungu cha 170 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinasema mshtakiwa akiomba apewe bila kukawia na bila malipo, na kama anataka tafsiri kwa lugha yake, apewe ikiwezekana. Hili watu hawalijui. Wanalipia kitu ambacho ni bure.

Mlalamishi pia hajasahauliwa. Kifungu cha 392 kinasema mtu yeyote anayeguswa na hukumu au amri anaweza kuomba nakala yake, au ya sehemu yoyote ya rekodi, na kupewa akilipia. Na korti ikiona sababu ya pekee inaweza kumpa bure. Mjane aliyenyang'anywa ng'ombe anaguswa. Kikundi ambacho pesa zake ziliibwa kinaguswa, na mwenyekiti au katibu anaweza kuomba kwa niaba yake akiwa na cheti cha kusajiliwa na barua yenye muhuri wa kikundi.

Mama wa mfungwa anaweza kwenda kwa niaba ya mtoto wake, lakini yafaa awe na barua fupi iliyotiwa sahihi na mtoto mwenyewe, pamoja na fotokopi za vitambulisho vyao wawili.

Na jirani tu anayetaka kujua? Kesi husikizwa hadharani, kwa hivyo anaweza kukaa kortini na kusikiliza. Lakini kufunguliwa faili ni jambo lingine. Aeleze kwa barua ana haja gani, na mkuu wa kituo aamue. Kesi za watoto na za makosa ya ngono zina ulinzi wa pekee. Msitegemee kupewa hizo, na mimi nasema ni vizuri iwe hivyo.

BARUA YA MAOMBI

Barua haihitaji wakili. Haihitaji hata Kiingereza kizuri. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema wazi kwamba ombi la habari kwa ofisi ya umma linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na asiyejua kuandika asaidiwe na afisa. Andikeni hivi:

Jina lako,
Sanduku la Posta au kijiji,
Namba ya simu.
Tarehe.

Kwa Hakimu Mkuu wa Kituo,
Korti ya ..........

Mheshimiwa,

KUH: KESI YA JINAI NAMBA ..... YA MWAKA ..... JAMHURI DHIDI YA ..........

Mimi ni mshtakiwa (au mlalamishi, au mzazi wa mshtakiwa ambaye yuko gereza la ..........) katika kesi iliyotajwa hapo juu. Hukumu ilisomwa tarehe ...........

Naomba kupewa nakala zilizothibitishwa za: (a) hati ya mashtaka, (b) mwenendo wa kesi, (c) hukumu na adhabu.

Nazihitaji kwa ajili ya rufaa (au kurudishiwa dhamana, au kusahihisha rekodi yangu kwa polisi). Niko tayari kulipa ada inayotakiwa kisheria.

Nimeambatisha nakala ya kitambulisho changu.

Wako mwaminifu,
Sahihi.

Andika barua mbili zinazofanana. Moja unaiacha masjala. Ya pili unaomba igongwe muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe, halafu unarudi nayo nyumbani. Hiyo ya pili ndiyo silaha yako. Bila muhuri, hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba uliwahi kuomba, na hata ukilalamika hakuna kitu mkononi.

Ulizeni siku ya kurudi, na jina la karani aliyepokea. Pesa zikitakiwa, ulizeni ni za nini na kurasa ngapi, lipeni kwa njia rasmi ya korti, ya benki au ya simu, na mchukue risiti. Asiyetoa risiti msimpe. "Kitu kidogo" mara nyingi hakiharakishi mchapaji; kinakuweka tu kwenye daftari la watu wanaotoa.

Ukizungushwa, usipigane na karani. Nenda kwa msimamizi wa korti, kisha uombe kumwona hakimu mkuu wa kituo, ukiwa na ile barua yenye muhuri. Kuna pia ofisi ya Ombudsman wa Mahakama inayopokea malalamiko bila malipo. Na kila kituo huwa na kamati ya watumiaji wa korti, ambapo mahakimu, polisi, magereza na wananchi hukaa pamoja. Katika kamati nyingi wajumbe wa kanisa wamo. Muulizeni mjumbe wa Haki na Amani wa parokia yenu kama yumo. Kama hayumo, aombe kuingia.

SIKU 14

Nimeliweka hili peke yake kwa sababu ndilo linaloharibu zaidi. Rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu huwasilishwa ndani ya siku 14 tangu siku ya hukumu au adhabu. Siku 14 ni wiki mbili. Familia nyingi hutumia wiki ya kwanza kulia na ya pili kuchanga.

Usingoje prosidingi zote zichapwe ndipo ukate rufaa. Omba nakala ya hukumu siku ile ile, peleka barua ya prosidingi siku ile ile au kesho yake, na ombi la rufaa liingie kwa wakati. Sababu nyingine zinaweza kuongezwa baadaye kwa ruhusa ya korti. Aliye gerezani anampa mkuu wa gereza karatasi zake, naye anazipeleka kortini. Hivyo ndivyo kifungu cha 351 kinavyosema. Hahitaji kutoka wala kutuma mtu mjini.

Na siku zikipita? Kifungu cha 349 kinaruhusu Mahakama Kuu kupokea rufaa iliyochelewa kwa sababu nzuri. Tena kinasema lazima ipokee kama kuchelewa kulitokana na mtu kushindwa kupata nakala ya hukumu na rekodi katika muda unaofaa baada ya kuziomba. Sasa mnaona kazi ya ule muhuri wa "imepokelewa". Mtu anayeonyesha barua ya siku ya tatu baada ya hukumu ana mlango. Aliyekwenda mara saba kwa mdomo hana cha kuonyesha.

Kwa msaada wa wakili, ulizeni Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016, au mashirika kama Kituo cha Sheria na FIDA. Nao watauliza kitu cha kwanza: namba ya kesi.

PESA ZA DHAMANA

Dhamana ya pesa taslimu si faini. Ni amana. Kesi ikiisha na mshtakiwa alikuwa akifika kortini kila siku aliyoambiwa, pesa hurudishwa, hata kama amepatikana na hatia. Lakini hurudishwa kwa yule ambaye jina lake liko kwenye risiti. Hapa vikundi vimepoteza pesa nyingi. Kikundi kinachanga elfu thelathini kumtoa mtoto wa mwanachama, mjomba mmoja anazipeleka na kuandikisha jina lake, halafu risiti inakaa mfukoni mwa mjomba. Mwaka unapita. Mjomba yuko Mombasa.

Yafaa mweke kanuni: pesa za kikundi zikitoka kwa dhamana, mwenye jina kwenye risiti ni mtu aliyekubaliwa na mkutano, imeandikwa kwenye kumbukumbu, na risiti ya asili inakaa kwa mweka hazina. Kesi ikiisha, huyo mtu anaandika barua ya kudai, akiambatisha risiti ya asili, fotokopi ya kitambulisho na maelezo ya akaunti ya benki, na korti inaangalia kwenye faili kama kuna amri ya kurudisha. Hakikisheni amri hiyo imeandikwa siku ya mwisho. Hakimu akiwa bado kitini, mshtakiwa au wakili anaweza kusimama na kusema, "Mheshimiwa, naomba dhamana irudishwe kwa aliyeilipa."

FAILI ZA ZAMANI NA ZILIZOPOTEA

Korti haiweki kila faili milele. Sheria inaruhusu za zamani ziharibiwe. Kabla ya hapo tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, likitaja korti, aina ya kesi na miaka, na kutoa miezi mitatu ili mwenye kudai kielelezo chake ajitokeze. Baiskeli yako iliyochukuliwa kama kielelezo na hukuidai, ujue ina mwisho. Kwa sababu hiyo usikae miaka kumi ukisema nitaenda kuomba nakala.

Kama faili imepotea na kesi bado inaendelea au iko kwa rufaa, korti inaweza kuagiza faili nyingine itengenezwe kutokana na nakala zilizoko kwa polisi, kwa mwendesha mashtaka, kwa wakili na kwa mshtakiwa. Mkiwa na fotokopi nyumbani mnaweza kuokoa kesi nzima.

Yule aliyeachiliwa huru lakini cheti chake cha maadili mema kutoka kwa DCI bado kinamwonyesha kama mshtakiwa, anahitaji nakala ya hukumu iliyothibitishwa, yenye muhuri na sahihi ya korti, aipeleke kwa DCI wasahihishe kumbukumbu zao. Polisi na korti ni nyumba mbili. Hukumu haitembei yenyewe kutoka moja hadi nyingine.

NENO KWA WAJUMBE WA KAMATI

Nimeulizwa kama kikundi kinaweza kutafuta rekodi ya mtu anayetaka kuwa mweka hazina. Njia ya haki ni kumwomba yeye mwenyewe alete cheti cha maadili mema, na kuwaomba hivyo wagombea wote, siyo yule msiyempenda tu. Mkipata rekodi ya mtu, msiipige picha na kuisambaza kwa simu. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Na mtu aliyeshtakiwa si mtu aliyepatikana na hatia. Someni hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kusema jina lake kwenye baraza.

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

1. Kila mwenye kesi nyumbani, yake au ya mtoto, alete karatasi yoyote aliyo nayo. Katibu atafute namba ndani yake na kuziandika kwenye daftari moja.

2. Wanachama wawili waende korti iliyo karibu, wakae ndani asubuhi moja, waone orodha ya kesi inabandikwa wapi na masjala iko mlango gani. Kuingia ni bure.

3. Someni tena igizo la kwanza. Safari hii mama awe na kipande cha karatasi chenye namba, na barua mbili. Igizeni tena kuanzia "Hodi, bwana karani," na muone broka atasimama wapi.